Hersi ya Meno ao ya Disiki? Tuulize Shamba Kwanza



Tangu trakteri yetu ya zamani ilipotoka ku garaji, hapa internati watu wanazungumuza jambo moja tu: tununue hersi gani? Jembe la kulimia tuko nalo. Hersi hatuna. Komite ya shamba imepewa kazi ya kuchagua mbele ya mvua ya kwanza, na Bwana Prefe ameomba wanafunzi wa mwaka wa sita watoe mawazo yao kwa maandiko. Haya ni yangu. Nimeyaleta katika gazeti letu kusudi kila mutu ayasome na kuyajibu, sababu jambo hili si la wanafunzi wa kilimo peke yao. Shamba lile la hekta 4 ndilo bukari yetu. Mahindi yakiisha mapema, komite inalazimika kununua unga sokoni na kuongeza feza ya internati. Tunajua kinachofuata: kitanda kimoja kinabaki wazi, kisha kingine.

Kwa wadogo zetu wa madarasa ya chini, nieleze kwanza hersi ni kitu gani. Jembe la trakteri linapindua udongo na kuacha madongo makubwa kama vichwa vya mbuzi. Mbegu ya mahindi ikianguka kati ya madongo mawili haishiki udongo vizuri; maji hayaifikii, ao panya anaiokota. Ndiyo maana hersi inapita nyuma ya jembe. Inavunja madongo, inajaza mashimo, inasawazisha, inang'oa nyasi ndogo. Kwa Kifaransa wanaandika herse. Vitabu vya Kiswahili vinavyotoka Tanzania vinasema haro. Sisi tunasema hersi.

Nimesikia wengi wakisema: «Tununue disiki! Mashamba yote makubwa yako na disiki.» Ni kweli, ukipita barabarani unaziona, kubwa, zenye kungaa. Mimi sichukii disiki. Ninasema tu hivi: tusianze kwa kumuuliza mwuzaji. Mwuzaji atasifu kile alicho nacho ku depo. Tuulize shamba kwanza.

KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

Hersi ya disiki iko na mistari ya sahani za chuma zenye tumbo na makali. Mistari hii inawekwa mushazari, si sawasawa na njia ya trakteri. Ukiongeza pembe ya mushazari ule, sahani zinakata zaidi; ukiipunguza, zinabingirika tu. Tena uzito ndio unaoziingiza ndani ya udongo. Kazi yake kubwa ni kukata: mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, nyasi nene, madongo magumu. Ikikuta kisiki, inapanda juu yake na kuendelea na safari. Hayo ni mazuri yake.

Mabaya nayo yako. Kwanza ni nzito, inaomba trakteri yenye nguvu na mazuti mingi. Ya pili, iko na rulema zinazotaka grisi kila siku ya kazi. Rulema ikikufa, hakuna sudure itakayoiponya, lazima kutafuta nyingine mujini. Ya tatu, ikipita mara mingi inasaga udongo wa juu kuwa unga, na udongo wa chini unakandamizwa kama sakafu, mizizi ya mahindi inapita kwa shida. Ya ine, fikirini ile Imperata, nyasi yenye majani makali na mizizi myeupe yenye ncha. Disiki inaikata vipande vipande, na kila kipande chenye jicho kinaweza kuota. Ulikuwa na nyasi moja, unabaki na kumi.

Hersi ya meno ni shasi ya chuma yenye meno yaliyosimama kama misumari. Haina kitu kinachozunguka, haiombi grisi. Inavutwa kwa nguvu kidogo. Inavunja madongo ya juu ambayo hayajakauka sana, inasawazisha vizuri, na inaweza kufunika mbegu zilizotupwa kwa mukono. Lakini haikati. Mabua na nyasi ndefu zinajikusanya ndani ya meno, na baadaye inakokota furushi tu badala ya kufanya kazi. Kisiki kikishika jino, ama jino linapinda, ama kitu kingine kinavunjika.

Kuna nyingine ya meno ya resori, yaliyopindika, yanayotetemeka katika udongo. Ile inaingia ndani zaidi, na inavuta mizizi ya Imperata mupaka juu, jua la kiangazi liikaushe. Ni chombo kizuri sana kwa mwenye nyasi mbaya, lakini kukitengeneza hapa kwetu ni kazi ngumu, sababu chuma cha resori kinapoteza tabia yake kikichomwa vibaya na moto.

Kuna pia hersi ya minyororo, kama wavu wa chuma unaolala chini. Inafuata kila bonde na kilima cha shamba. Inatawanya samadi katika malisho, inafunika mbegu ndogo, na inaweza kulainisha kiwanja cha mupira. Kwa madongo ya jembe ni nyepesi.

Mwisho ni rato. Si ile ya mukono tunayokusanyia majani siku ya salongo, ni rato pana ya kufunga nyuma ya trakteri, yenye meno marefu yaliyopindika. Mwenzetu mumoja ameona picha yake na kuipenda. Inakusanya mawe, mizizi na takataka, na ukiigeuza mushazari inavipeleka kando ya njia yake. Kwa kutengeneza njia, kwa kiwanja, kwa shamba lililotoka kufyekwa, ni ya lazima. Lakini madongo magumu haiyavunji. Mutu anayeinunua kama hersi amenunua ufagio mahali pa nyundo.

Wale wanaosoma Isaya sura ya 28 wanakumbuka mukulima wa pale. Halimi siku zote bila kikomo; udongo ukiisha kusawazika, anapanda. Tena hapuri kila zao kwa chombo kimoja: zao dogo analipiga kwa fimbo, hapitishi gurudumu juu yake. Muzee yule hakuwa na trakteri, lakini maneno yake mawili yanatosha kwa komite yetu. Kila kazi iko na chombo chake, na kila chombo kiko na mahali pa kusimama.

SHAMBA LETU LINAJIBU NINI?

Tutembee shambani pamoja. Hekta 3 ni shamba la zamani, limelimwa miaka mingi, visiki vimekwisha. Hekta 1 ni mupya, upande wa kichuguu. Visiki vya miombo viko bado chini na vinachipuka tena kila mwaka. Udongo wetu ni mwekundu. Ukiwa na maji, unashika kiatu. Ukikauka, ni tofali. Na si kwa mufano tu: udongo wa kichuguu ndio watu wa hapa wanaufyatulia matofali.

Shamba linateremuka polepole kuelekea kijito. Hapa Katanga ya juu mvua ni kama milimita 1.200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya Novemba na Aprili. Maana yake si manyunyu. Ni mvua ya kupiga. Ikianguka juu ya udongo uliosagwa kuwa unga, inaufunga juu kama sima iliyokauka, maji hayaingii, yanateremuka na udongo wenyewe. Ule wekundu tunaouona ndani ya kijito mwezi wa Desemba ni shamba letu linalokwenda zake, na mbolea tuliyolipa inakwenda nalo.

Basi tujiulize: mahindi yanataka unga? Hapana. Mbegu ya mahindi ni kubwa. Inataka udongo unaoigusa pande zote, na juu yake madongo madogo, hata ya ukubwa wa yai, hayaizuii kutoka. Madongo yale madogo yanavunja pigo la mvua na kushika maji. Lengalenga ni jambo lingine. Mbegu yake ni kama vumbi na inataka kitanda laini. Lakini lengalenga tunaipanda kwenye vitanda vya bustani, na vitanda vile tunavitengeneza kwa rato ya mukono. Hatununui hersi sababu ya lengalenga.

Kwa hekta 3 za zamani, jibu langu ni hersi ya meno. Mabua tuyakusanye mbele ya kulima, tuyapeleke kwa mbuzi na kwa shimo la mbolea. Hivi meno hayatajazwa. Kwa hekta 1 ya visiki, tusipeleke hersi yoyote mwaka huu. Tung'oe visiki kwanza kwa mashoka na majembe, na mwaka huu tulime kule kwa mukono. Kama komite inaona lazima, ikodi disiki ya jirani kwa siku moja. Kukodi siku moja na kununua kwa miaka kumi si neno moja.

MAMBO NILIYOJIFUNZA KWA BABA MUDOGO

Mbele ya kuja hapa internati nilikaa miaka miwili kwa baba mudogo. Yeye ni shofa wa trakteri. Jumamosi na siku za mapumuziko nilikuwa naye shambani. Hakusoma sana, lakini mukono wake unajua udongo. Nilijifunza kwake mambo matatu, nami ninayatoa kwenu bila malipo.

La kwanza ni kushika udongo. Anachukua udongo wa chini kidogo, anaufinya ndani ya ngumi, kisha anaufungua na kuuangusha. Ukivunjika vipande vidogo, hersi iingie. Ukibaki bonge lenye alama za vidole, ni maji mingi bado. Meno yatachora tu mistari na magurudumu yatakandamiza. Ukiwa mugumu hata haufinyiki, umechelewa. Kuna siku nilimuharakisha sababu wingu lilikuwa linakuja. Akaniambia: «Mwana, udongo haina haraka. Weye ndiye iko na haraka.»

La pili ni siku. Baada ya jembe, hersi isikae wiki mbili. Madongo yetu mekundu yakipigwa na jua siku mingi yanakuwa mawe, na hapo watu wanaanza kusema hersi ni mbaya. Hersi si mbaya, imeitwa baada ya saa yake. Pahali fulani analima asubuhi na kupitisha hersi jioni ile ile, ao kesho yake.

La tatu ni magurudumu. Watu wanadhani trakteri ikitoa moshi mweusi na kelele ndiyo inafanya kazi. Baba mudogo anaweka alama ya chokaa ku gurudumu la nyuma, anahesabu mizunguko 10 bila kuvuta kitu, anapima njia. Kisha anafanya mizunguko 10 akivuta hersi, anapima tena. Tuseme bila muzigo ilikwenda metre 40, na kwa muzigo ilikwenda metre 32. Metre 8 zimepotea, ni 20 kwa 100. Gurudumu limezunguka bule, mazuti imekwenda bule, na udongo umesagwa na mupira badala ya hersi. Mupaka 10 ao 15 kwa 100 inavumilika. Zaidi ya hapo, chombo ni kikubwa kuliko trakteri. Ninaomba komite ifanye kipimo hiki mbele ya kulipa hata franka moja, kwa kuazima disiki ya ukubwa ule wanaoutaka. Trakteri yetu ni ya zamani. Tusimupe muzee muzigo wa kijana.

JAMBO LILILONIFANYA NISHIKE KALAMU

Sasa nifike ku neno ambalo ni zito kwangu.

Hersi ya meno ikiwa nyepesi, ao udongo ukiwa mugumu, meno hayaingii. Wakulima wengi wako na dawa ya haraka: wanasimamisha mutu juu ya hersi. Mara mingi si mutu mukubwa, ni mutoto, sababu mutoto anafurahi. Anaona ni kama kupanda gari.

Mwezi wa Oktoba 2021, kwa shamba moja ambalo sitalitaja, yaya wangu, mwana wa baba mukubwa, alisimamishwa hivyo. Alikuwa na miaka 15. Shofa hakuwa baba mudogo, ni mwingine. Mimi nilikuwa kando ya shamba nikikusanya mizizi. Hersi iligonga kitu chini, ikaruka. Yaya akaanguka mbele, kati ya trakteri na meno. Tulipiga kelele. Lakini injini ya trakteri inakula kelele ya watu, na shofa alikuwa anaangalia mbele kusudi mustari wake unyooke. Alisimama baada ya metre kadhaa, alipotuona tunakimbia.

Yaya yuko muzima, namushukuru Mungu. Anatembea na fimbo. Muguu wa kushoto haukunji tena. Mwenye shamba alisema: «Mutoto hakujishika vizuri.» Maneno yale bado yako ndani ya masikio yangu, sababu hersi haina mahali pa kujishikia. Haikutengenezwa kwa kubeba watu.

Sasa mufanye hesabu pamoja nami, ninyi mulio na hesabu nzuri kuliko mimi. Tuseme hersi iko na uzito wa kilo 80 na meno 40. Kila jino linabeba kilo 2. Mupandishe juu mutoto wa kilo 40. Kilo 40 zikigawanywa kwa meno 40 ni kilo 1 tu kwa kila jino. Kwa kilo 1 ile tuliweka muguu wa mutu. Jiwe la kilo 40 linafanya kazi ile ile, sawasawa kabisa. Tofauti ni moja: jiwe likianguka, unalirudisha juu na kuendelea.

Kwa hiyo neno langu kubwa juu ya kuchagua hersi ni hili. Tusinunue hersi yoyote, ya bei ndogo ao ya bei kubwa, isiyo na uzito wake mwenyewe ao sanduku la kuwekea mawe. Nimesikia wengine wakisema kwamba hersi nyepesi inatosha sababu «wanafunzi wako wengi, watapanda juu». Ndugu zangu, wanafunzi si mawe ya kuongeza uzito.

NINACHOPENDEKEZA

Tutengeneze hersi ya meno hapa hapa, ku garaji ya fundi wa sudure aliye karibu nasi. Shasi iwe na vyuma 4 vya upana wa metre 2. Kila chuma kiwe na meno 10, moja mbali na lingine kwa santimetre 20. Chuma cha pili kisogezwe santimetre 5, cha tatu 10, cha ine 15. Hivi jino la nyuma halipiti ndani ya njia ya jino la mbele. Udongo unakwaruzwa kila santimetre 5, na meno 40 yanafunika metre 2 nzima. Kati ya chuma na chuma tuache nafasi ya kutosha, kusudi nyasi ipite na madongo yapate mahali pa kupinduka.

Meno yasitengenezwe kwa fera beto nyembamba. Yatapinda siku ya kwanza. Yawe ya chuma kinene cha pande ine, na yafungwe kwa buloni, yasisudewe. Jino lililofungwa kwa buloni linabadilishwa shambani kwa ufunguo mumoja. Tena yalale kidogo, yasisimame wima kabisa. Ukivuta hersi kwa upande ambao ncha zinatazama mbele, inauma udongo. Ukiigeuza na kuivuta kwa upande wa pili, inachana tu juu juu, ni nzuri kwa kufunika mbegu. Ni hersi moja yenye kazi mbili.

Juu yake liwekwe sanduku la mbao ao la bati, lililofungwa vizuri, la kujaza mawe. Udongo ukiwa laini, toa mawe. Ukiwa mugumu, ongeza. Pembeni tuandike kwa rangi nyekundu: HAPA NI MAWE, SI WATU.

Na saa za kazi? Upana ni metre 2. Trakteri ikienda kilometre 6 kwa saa, ni metre 6.000 mara 2, yaani metre za mraba 12.000, hekta 1 na kidogo. Tutoe robo sababu ya kugeuka mwisho wa shamba na kupishana kwa mistari, inabaki 9.000. Hekta 3 mara mbili ni hekta 6, tukigawanya tunapata karibu saa 7. Ni kazi ya siku moja. Hatuna sababu ya kusema hersi ya meno ni ndogo kwetu. Mara mbili inatosha: ya kwanza kwa kufuata jembe, ya pili kwa kukata njia ile mushazari. Kisha tusimame. Kupita mara ya ine ni kutengeneza unga, na unga tunautaka ku jiko, si shambani. Pale pa muteremuko, mara ya mwisho iwe ya kukata muteremuko, isielekee kijito, kusudi mistari ya meno izuie maji badala ya kuyaonyesha njia.

SHERIA CHACHE ZA KAZI

Ninaomba Bwana Prefe na komite wazibandike ku garaji ya trakteri.

1. Hersi ya kukokota ifungwe ku chuma cha kuvutia kilicho chini, nyuma ya trakteri. Isifungwe hata siku moja juu zaidi ya ekseli ya nyuma. Meno yakishikwa na kisiki na munyororo umefungwa juu, trakteri inainuka mbele na inaweza kupinduka nyuma, juu ya shofa. Jambo hili linatokea kwa haraka kuliko mukono kufikia chochote.

2. Munyororo usiwe mufupi sana. Ukiwa mufupi unainua meno ya mbele, na ya nyuma peke yake yanafanya kazi.

3. Hakuna mutu juu ya hersi, wala juu ya chuma cha kuvutia, wala juu ya matope ya gurudumu. Trakteri iko na kiti kimoja.

4. Nyasi zikijaa, shofa anasimama, anazima injini, anashuka. Ndipo meno yanasafishwa, kwa fimbo, si kwa mikono na injini inazunguka.

5. Mutu anayeokota mizizi awe upande ambapo shofa anaweza kumuona, mbali na hersi. Kama shofa hamuoni mwenzake, anasimama.

6. Jioni hersi inalazwa meno chini, ao inaegemezwa ukutani na kufungwa. Wadogo zetu wanacheza kila mahali.

Ninajua kwamba wengine watasema: «Huyu anatuzuia kuendelea, wenzetu wanatumia mashine kubwa, sisi tutengeneze ya sudure?» Sizuii. Siku trakteri yetu itakapokuwa na nguvu, visiki vimekwisha, na feza ya rulema iko ndani ya kasa, disiki itakuja na mimi nitaipaka grisi wa kwanza. Hata hapo tutaichagua kwa kushika udongo ndani ya ngumi na kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Bei iliyoandikwa juu yake si kipimo cha kazi yake.

Wasomaji, mwenye mawazo mengine aandike katika namba inayokuja. Wanafunzi wa hesabu wakosoe hesabu zangu, wanafunzi wa mekanika wakosoe shasi yangu. Waalimu watusaidie kwa kile wanachojua. Lakini juu ya sanduku la mawe, tafazali tusibishane. Komite itakutana kabla ya mwisho wa Septemba. Tuombe neno hilo liandikwe la kwanza katika karatasi ya kununua chuma, mbele ya meno na mbele ya munyororo.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa sita, seksio ya kilimo